Fuko Jeusi Ukutani kwa Mama Mkwe

Wiki iliyopita tulimwacha Gordy Lahti juu ya paa la watu, ngazi yake imelala chini kwenye theluji, upepo wa ziwa unamchapa mgongoni, na macho yake yamegandia nyumba moja tu kule chini ya kilima. Nyumba ya mama mkwe wake. Ukutani mwa nyumba hiyo lilikuwa linaning'inia fuko jeusi la taka.

Na fuko lilikuwa limetuna.

"Mungu wangu," alisema Gordy. "Wamewasha mashine."

Wewe uliyekuwa safarini wiki jana, nikupe kwa ufupi. Gordy ni fundi wa kusafisha njia za hewa za majumbani hapa Duluth: yale mabomba yanayopeleka joto vyumbani, na lile linalotoa moshi na manyoya ya nguo kutoka kwenye mashine ya kukaushia. Mke wake, Marlys, alifungasha virago mwezi jana akarudi kwa mama yake, Bi Ardis. Leo asubuhi Gordy alikwenda kuisafisha nyumba ile bure, akitafuta suluhu. Alipofika kwenye bomba la mashine ya nguo, alifunga fuko kwenye tundu la nje, ili manyoya yasiruke yakaangukia theluji ya jirani, mzee Virgil, ambaye huyalalamikia kila majira ya baridi. Akasafisha, akafunga vifaa vyake, akaondoka. Fuko hakulifungua.

Sasa mashine ya Bi Ardis inatumia gesi. Moshi wake hutokea tundu lile lile. Ukiliziba, unarudi ndani, nao hauna rangi wala harufu. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, basi, ndiyo kwaheri.

Na ninyi mlioniandikia mkisema "si aruke tu!", asanteni kwa ushujaa wenu. Nyumba aliyopanda Gordy ni ya ghorofa, imesimama kwenye mteremko, na chini yake ni mawe yaliyovaa barafu. Wenyewe wako kazini, wamemwachia fundi funguo za mlango na paka wa kulisha. Njooni mruke ninyi.

Gordy alivua glavu kwa meno, akampigia Marlys. Simu ikaita kidogo, ikakatwa.

Akapiga tena. Ikakatwa hata kabla haijaita vizuri.

"Shika simu, wewe mwanamke! Shika!"

Ujumbe ukaingia: "Gordy, nilikwambia tutaongea Jumapili baada ya kanisa. Usinisumbue."

Vidole vimekufa ganzi, akaandika: "Zima mashine ya nguo sasa hivi."

Lo! Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Kwani mnajua hawa wawili waligombana kwa ajili ya nini? Si nyumba ndogo. Si pombe. Ni mashine ya nguo. Tangu waoane, Gordy hajawahi kupita mbele ya mashine ile bila kutoa amri. Umesafisha kichujio? Nani kaiacha inazunguka tumelala? Unajua nyumba ngapi nimeziona zimekuwa majivu? Hata kwenye arusi ya mpwa wake alijipenyeza chumba cha kufulia cha wenyeji, akarudi mezani na kiganja kimejaa manyoya, akawaonyesha watu huku wanakula. Siku hiyo ndiyo Marlys alichukua sanduku.

Kwa hiyo Marlys aliposoma "zima mashine", aliisikia sauti ile ile aliyoikimbia.

Jibu lake likaja: "Mpaka kwa mama yangu unanitawala? Kichwa kinaniuma, Gordy, na nimechoka na wewe. Naizima hii simu."

"Kuna fuko ukutani," Gordy akaandika. "Sitanii. Mtakufa."

Ujumbe haukufika. Akautuma tena, haukufika. Akapiga, akaambiwa na sauti tamu ya mashine kwamba mteja hapatikani.

Kichwa kinaniuma, alikuwa ameandika. Gordy alikisoma kile kipande tena.

Alijipapasa koti akitafuta kitu chochote, hata hakujua anatafuta nini, mkono ukagusa kidude kigumu cha duara. Akakitoa. Kilikuwa kile cheupe kinachobandikwa ukutani kipige kelele hewa ikiingia sumu. Cha Bi Ardis! Alikibandua kwa mkono wake mwenyewe asubuhi, maana vumbi la kusafisha mabomba hukipigisha kelele za bure. Alikusudia kukirudisha kabla ya kuondoka.

Alisahau kwa sababu ya kuaga. Sisi watu wa huku hatujui kuondoka, tusidanganyane. Unasema "haya, ngoja niende" ungali umekaa, unamiminiwa kahawa. Unasimama, habari zinaanza upya. Ukifika mlangoni unafungiwa vipande vya keki. Ukitoka kibarazani mnaanza kuijadili theluji. Gordy aliaga namna hiyo mpaka kahawa ikaisha kwenye birika, akirefusha kila kituo, sauti juu, akitumaini Marlys atamsikia apande kutoka chumba cha chini alikohamia. Marlys hakupanda. Mwisho wake Gordy aliliendea gari lake na keki mkononi, wala hakugeuka kuutazama ukuta.

Sasa kidude kilikuwa kiganjani mwake, kimya. Hewa ya huko juu ya paa ilikuwa safi kabisa.

Ghafla, kule chini, fuko likasinyaa.

Gordy alishusha pumzi akacheka peke yake. "Imezima! Nguo zimekauka. Asante, Bwana, asante."

Kabla hajamaliza kushukuru, fuko likatuna tena.

"Aa, jamani! Mnakausha nini leo? Mnakausha mji mzima?"

Akakumbuka simu ya mezani ya Bi Ardis, ile inayowaka taa ikiita kwa sababu mwenyewe hasikii vizuri. Akapiga. Ikapokewa!

"Nyumbani kwa Torvik," ilisema sauti ya mama mkwe.

"Mama! Ni Gordy! Zima mashine, mtoke nje, wewe na Marlys, tokeni!"

"Ngoja, ngoja. Sisikii kitu. Vile vidude vyangu vya masikioni nimevivua, vinanipigia miluzi."

"MAMA! MOSHI!"

"Kama ni wa bima, ninayo tayari. Kama ni wewe Virgil, manyoya hutayaona tena. Mkwe wangu kaja asubuhi kasafisha vizuri sana. Mtu ana moyo yule, basi tu mdomo wake."

"Mama, ni mimi! Ni mimi huyo mkwe!"

"Na kama ni mtu wa kwaya," aliendelea Bi Ardis, "Marlys leo haji mazoezini. Kalala kule chini, kichwa kinampasuka, anatetemeka. Nampashia taulo kwenye mashine namfunika. Likipoa, natia jingine. Na mimi nahisi kizunguzungu, sijui mafua gani haya. Haya basi. Wasalimie nyumbani."

"Mama, usikate! Mama, nakusihi!"

"Na mwambie mchungaji nitaleta chakula Jumatano. Haya. Huko kwenu theluji ni nyingi? Huku ni nyingi. Haya, kwaheri sasa. Haya."

Akakata. Gordy akapiga tena na tena. Taa ile bila shaka iliwaka jikoni mpaka ikachoka, lakini Bi Ardis alikuwa amekwisha kushuka kwa mwanawe.

Basi sasa Gordy alijua. Kila fuko lilipotuna, ni mama anampashia binti yake taulo. Kwa mapenzi yote ya mama, alikuwa anamuua, na kujiua mwenyewe.

Akapiga namba ya dharura.

"Zimamoto na uokoaji," ilisema sauti ya mwanamke, imetulia mno. "Una tatizo gani, kaka?"

Gordy alimwaga yote: fuko, gesi, taulo, mtaa, nyumba ya kijani yenye uzio mweupe.

"Nimekuelewa. Magari yamegongana barabara kuu, timu zetu nyingi ziko huko. Nakutumia gari letu lililo karibu. Na wewe uko wapi?"

"Niko juu ya paa."

"Juu ya paa la hiyo nyumba ya kijani?"

"La nyumba nyingine! Huku kilimani. Ngazi imeanguka. Achana na mimi, dada, mimi sina shida!"

"Kwa hiyo umekwama juu ya paa, na kuna barafu."

"Dada yangu, nakuomba kwa jina la Mungu, nisikilize..."

"Nakusikiliza. Usikate simu. Usisogee ukingoni."

Gordy akakata simu. Ningekuwa mimi nisingekata, lakini si mimi niliyekuwa namtazama mke wangu anakufa kwa mbali. Alikuwa amemkumbuka mtu aliye hatua chache tu kutoka kwenye lile fuko.

Namba ya Virgil alikuwa nayo. Aliihifadhi kwa jina la "Msumbufu wa Manyoya".

"Bwana Virgil, ni Gordy."

"Gordy yupi?"

"Unanijua vizuri! Mkwe wa Ardis."

"Ahaa. Yule aliyeniambia Jumamosi kwamba nikikanyaga tena kiwanja cha mama mkwe wake, atanizoa kwa koleo pamoja na theluji."

"Nilikosa adabu. Nisamehe. Sasa fanya haraka..."

"Sina kinyongo. Nasema tu kwamba nilisikia."

"Virgil! Kuna fuko jeusi ukutani kwao, upande wako. Nenda ulivute litoke. Halafu vunja mlango uwatoe nje. Kuna sumu mle ndani!"

"Nivunje mlango wa Ardis?" Virgil aliuliza kama mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani.

"Vunja!"

"Mlango ule aliuweka marehemu mumewe kwa mikono yake, unajua."

"VIRGIL!"

"Haya, haya. Ngoja nivae."

Gordy akasubiri. Akasubiri. Kule chini mlango wa Virgil ukafunguka, mzee akatoka na kofia nyekundu. Fuko lilikuwa mbele yake pale, limetuna kama kitambi, angekata kiwanja angelifikia mara moja. Lakini Virgil aliambiwa asikanyage, na hakukanyaga. Alishika njia ya barabarani, akazunguka uzio polepole, akapanda kibarazani. Akabonyeza kengele. Akarudi nyuma kwa heshima, akangoja. Akainama akaweka sawa zulia la mlangoni. Akangoja tena.

Kisha akageuka, akarudi kwake.

"Weeee!" Gordy alipiga ukelele huko juu ya paa. "Mzee mpumbavu weee! Rudi!" Upepo ukaichukua sauti yake yote ukaipeleka ziwani.

Na simu ya Virgil ni ya ukutani, kwa hiyo ilibidi angojwe mpaka afike, avue viatu, aishike.

"Hawapo," alisema Virgil. "Sikutaka kusumbua."

"Wapo! Wamelala! Na fuko je?"

"Fuko si langu. Nilitaka niombe ruhusa kwanza. Nikiligusa bila kuomba, kesho nitaambiwa mwizi."

Gordy aliishiwa na matusi. Alikuwa na akiba kubwa, wanaomfahamu watakwambia, lakini yote yaliisha. Akaanza kulia, mtu mzima, kwenye simu, kwa mtu ambaye hawajawahi kupeana mkono.

"Virgil," alisema. "Mke wangu yuko chini mle. Niko juu ya paa kilimani huku, siwezi kushuka. Nawaona tu. Sina mtu mwingine duniani isipokuwa wewe."

Simu ya Virgil iligonga ukuta, ikabaki inaning'inia.

Safari hii mzee alitoka bila kofia, miguuni ana ndala za ndani, akakikata kiwanja moja kwa moja. Alikimbia! Umri ule, theluji ile, alikimbia. Gordy alisimama wima akamhesabia hatua kwa mdomo, "haya, haya, baba, haya," na hakuna aliyewahi kumsikia Gordy Lahti akimwita Virgil baba.

Mzee alinyoosha mkono. Fuko lilikuwa karibu na vidole vyake.

Ndala ikateleza kwenye barafu, Virgil akaenda chini mzimamzima.

Hakuinuka. Mkono ulijaribu, ukashindwa. Mguu mmoja ulikuwa umekaa vibaya, hata kwa mbali kule ulionekana umekaa vibaya. Na juu ya kichwa chake fuko lilikuwa limetuna vilevile.

"Si kweli," alisema Gordy. "Si kweli, si kweli."

Hapo akasahau mawe, akasahau barafu, akaamua kushuka kwa njia yoyote. Alikaa kitako akajisukuma hadi ukingoni, akakanyaga gata la maji kwa kisigino. Gata likang'oka lote, likaporomoka na kupasukia kwenye mawe huko chini. Gordy naye aliteleza nusu mwili nje, na kilichomwokoa ni fimbo ya brashi yake ya kusafishia, iliyokuwa imekwama ndani ya bomba la paa lile. Aliing'ang'ania, akajivuta, akarudi juu kwa tumbo. Kazi aliyoiacha katikati ilimwokoa yeye, na kazi aliyodhani ameimaliza ilikuwa inaua watu wake.

Ndipo akasikia king'ora.

Gari jekundu la zimamoto liliibuka kutoka upande wa ziwa, taa zinazunguka, minyororo ya magurudumu inakwangua barabara. Gordy alipiga makofi. Akapunga mikono yote miwili.

"Hapo! Kata kulia! Hapo, hapo!"

Gari likafika kwenye kona ya mtaa wa Bi Ardis.

Likapita.

Likaendelea kupanda kilima, likakata kushoto, likapanda tena, king'ora kikizidi kukua, mpaka likasimama chini ya nyumba aliyokuwa juu yake. Askari wakaruka chini. Wakamwona mtu anapunga mikono juu ya paa, gata limeng'oka, ngazi imelala. Simu yake ilikuwa imewaonyesha mahali alipo, na kila kitu walichokuwa wameambiwa na redio walikikuta kama kilivyo.

"Tulia, kaka!" alipaza sauti askari mmoja, mwanamke mwenye mabega mapana. "Tumekuja kukuchukua!"

"Si mimi! Kule chini! Nyumba ya kijani!"

"Sawa, sawa. Usitazame chini. Nitazame mimi."

"Sitaki kukutazama wewe! Geuzeni gari!"

"Baridi imempanda kichwani," askari alimwambia mwenzake, naye akaitikia kwa kichwa, kwa huruma.

Vyuma vya kuegemeza gari vikashushwa, vikauma barafu. Ngazi ndefu ikaanza kupanda, polepole, inanguruma. Gordy aliitazama inavyomjia. Angetoa kila alichonacho duniani ili ngazi ile isimfikie, na ilikuwa inamfikia.

Yule mwanamke akatokeza kichwa ukingoni mwa paa. Gordy akamshika ukosi wa koti.

"Nisikilize, dada. Mimi si kichaa. Tazama kidole changu. Unamwona mzee amelala kwenye theluji, anapunga mkono? Umemwona? Juu yake kuna fuko jeusi."

Askari alitazama. Uso wake ukabadilika.

"Kuna mtu ameanguka kule," alisema kwenye redio yake. "Narudia, kuna mtu chini. Na huenda kuna sumu ya gesi ndani ya nyumba. Tunahitaji gari jingine."

"Jingine lipo?" aliuliza Gordy.

Redio ilikoroma, ikajibu kwamba mengine yote bado yako barabara kuu.

"Basi tunakwenda sisi," alisema yule mwanamke. "Lakini gari haliondoki ngazi ikiwa juu na vyuma vikiwa chini. Ingia kwenye ngazi, kaka. Kadiri unavyobishana, ndivyo tunavyochelewa."

Gordy akanyoosha mguu. Kabla hajakanyaga, akageuka kutazama tena, maana hakuweza kutotazama.

Fuko lilikuwa limesinyaa.

Taulo limepata moto, alijiambia. Sasa mama anainuka. Anafungua mlango wa mashine. Anamfunika Marlys, anamfunga vizuri mabegani. Anatia jingine. Ndivyo alivyofanya muda wote huu, sasa hivi atabonyeza.

"Kaka. Mkono."

Fuko halikutuna.

"Ngoja kidogo," alisema Gordy.

"Hatuna kidogo."

"Ngoja, nakwambia! Anatia taulo. Lazima atatia. Asipotia, basi ameanguka."

Alipiga magoti kwenye barafu, juu ya paa la watu. Mtu ambaye maisha yake yote ya ndoa alipiga kelele mashine izimwe, sasa alikuwa anaomba kwa sauti, mbele ya askari wa zimamoto, mashine iwashwe.

"Tia jingine, mama," alisema. "Moja tu, nilione. Tia, mama yangu."

Askari alimshika kiunoni akaanza kumvuta kwenye ngazi. Kule chini Virgil aliacha kupungia watu mkono. Fuko liliguswa na upepo, likagonga ukuta, likalala.